Sufuria ya Ng'ambo ya Kijito

Tulimwita Kelele, ingawa kutwa nzima hakuwa na wa kusema naye. Ndani ya hifadhi ile mti haukatwi, hata tawi la kupisha mwanga, kwa hiyo jirani humwoni; unamsikia tu. Kila asubuhi Kelele alisimama mlangoni akaita kwa sauti ndefu, na ng'ambo ya kijito jirani yake, bibi mjane, akajibu kwa kugonga sufuria mara mbili. Maana yake: nimeamka, sijafa. Kuzungumza walikwisha acha zamani, kwa sababu ya kuku aliyemezwa na nyoka, kila mmoja akidai alikuwa wake. Walikuwa wakaidi wa kutupwa.

Sisi wengine tulishahama, nyumba moja moja, tukifuata shule na zahanati. Mwana wa Kelele aliyeko mjini alikuja kila kiangazi kumchukua, naye akatoa jibu lile lile: "Bibi wa watu nitamwachia nani?"

Mwaka huu mvua zilipokatika, Kelele alijikaza na magoti yake mabovu, akavuka kijito asubuhi na mapema, kuku jike kwapani, amalize ugomvi. Nyumba ya bibi ilikuwa na kufuli, nyasi zimeota barazani. Kizingitini alikaa mlinzi wa hifadhi, sufuria mapajani, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mzee," mlinzi alisimama.

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Bintiye alimchukua kabla ya mvua, akiwa mgonjwa. Bibi mwenyewe aliniomba nikipita doria niwe nakugongea. Alisema ukijua hayupo utakonda."

"Mbona hakuja kuniaga?"

"Alisema wewe ndiye wa kuanza."

Kelele alimhamishia kuku kwapa la pili. "Anaendeleaje sasa?"

"Alifariki huko huko, mzee. Nilishindwa nianzie wapi kukuambia."

Kelele aligeukia kijito. "Kesho usiache kugonga," akasema, akarudi na kuku wake. Alilia njia nzima, maana hakukuwa na wa kumwona. Hakuwahi kuwa mpweke namna ile, hata alipomzika mkewe.

Mwanawe alipokuja, alimkuta amesimama mlangoni, asubuhi.

"Baba, twende nyumbani. Humu umebaki na nani?"

Kelele alivuta pumzi, akaita. Kule miti ilikosongamana, sufuria ikagongwa mara mbili.

"Si unamsikia?" akasema. "Nitamwachaje?"