Siku Niliyomnyima Togwa

Miguu yangu ni mipana, nyayo zimepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, lakini kwa kukanyaga ndizi sijamwona wa kunishinda hapa Kanoni. Nasema bila haya kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri maishani. Shule niliishia darasa la pili. Baba yangu alivuka kutoka Rwanda kuja kulima kahawa ya watu, na mtoto wa kibarua alikuwa mikono ya ziada, si mtu wa daftari. Kusoma najua, polepole, kwa kidole. Kwa hiyo nikipotea njia humu, nivumilieni, nitarudi.

Togwa ninayoisema si ile ya uji ya watu wa kwingine. Ni maji ya ndizi mbivu. Unazivundika shimoni, unazimenya, unazimwaga kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha unapanda na kukanyaga mpaka ziachie. Ukiyanywa siku hiyohiyo ni togwa, tamu mpaka midomo inagandana. Ukiyatia mtama wa kukaanga na kuyaacha, yanakuwa rubisi, na hapo watoto hawahusiki tena. Mjukuu wangu alijifunza kutembea akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi ule. Mama yake, binti yangu, aliolewa upya huko Kaisho akatuachia mtoto, na sisi hatukulalamika.

Mjukuu alikuwa kidato cha pili, anakaa bweni huko Kihanga, aliporudi likizo amekonda hadi sketi inamzunguka. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali, anakwenda chooni, anarudi mtungini. Mimi nilisema anarefuka. Mke wangu alisema minyoo. Kaka yangu alisema amerogwa, lakini kaka yangu hata mvua ikichelewa imerogwa. Tulibishana wiki nzima, wazee watatu, na mtoto anazidi kuisha. Alipozimia ndipo tulipompakia kwenye pikipiki, nikamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali.

Walimrudishia fahamu, Mungu ashukuriwe. Nesi mmoja mnene, mpole, alituweka chini akatueleza kwamba ni kisukari, kile kinachowapata hata watoto. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo atajidunga kila siku, maisha yake yote, na atapima damu kwa kimashine kidogo. Alieleza siku mbili. Alieleza sukari ya damu kupanda, alieleza kushuka, alieleza dawa ikae kwenye chungu chenye mchanga mbichi kwa kuwa hatuna friji. Chungu nilikielewa. Mengine yote nilisikia neno moja tu: sukari. Ugonjwa ukiitwa moto, nani atakupelekea kuni?

Nikaweka sheria. Sukari ikatoka nyumbani kwangu. Chai tukanywa chungu, mimi na mke wangu na kila mgeni, hata mchungaji. Siku ya kukamua, binti huyu, mjukuu wangu, alimenya ndizi na wengine, akimaliza ananawa mikono mbele ya macho yangu asije akalamba kidole. Aliwahi kuniambia, "Babu, nesi alisema kuna kupanda na kuna kushuka."

Nikamjibu, "Kushuka ndiko tunakotaka. Ishuke mpaka iishe."

Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, akaenda zake.

Shida ilikuwa shule. Mkuu wa shule alisema atampokea, ila mlezi aje kwanza aeleze ugonjwa wenyewe, maana matroni anaogopa. Kila Jumapili tukitoka kanisani binti ananiuliza tunakwenda lini. Mimi nasema bado. Nilikuwa na sababu nzuri: huko kuna soda, kuna maandazi, nani atamlinda? Hiyo ndiyo niliyoisema. Niliyoificha ni kwamba nilimwona pale amezimia, mdomo mkavu, na sikutaka aondoke tena upeo wa macho yangu. Tena alikuwa ananisomea Biblia jioni bila kutumia kidole. Mzee huzoea vibaya. Yeye alisoma vitabu vyake kwenye kibanja, kati ya migomba, peke yake, muhula mzima ukapita.

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa na harusi kwa jirani na nilipewa kazi ya togwa. Ndizi zilikuwa nyingi, watu wa kumenya wachache. Binti alijidunga asubuhi kama kawaida, halafu akamfuata bibi yake jikoni kutafuta chakula. Ndizi na maharage vilikuwa havijaiva. Nikamwita. Nikamwambia njoo umenye, kwetu siku ya kukamua watu hula kazi ikiisha. Ndivyo baba yangu alivyofanya. Akasema anatakiwa ale baada ya sindano. Nikamwambia njaa ya saa moja haijaua mtu.

Nilikuwa juu ya mtumbwi, maji yameanza kuja, nilipoona kisu kinamdondoka. Mikono inamtetemeka, jasho linamtiririka na jua halijawa kali. Akaanza kusema maneno yasiyopangika. Kaka yangu akasema, haya, si niliwaambia. Mimi nikashuka na miguu yangu yote ndizi.

Binti akanyoosha mkono kwenye kata niliyokuwa nimeijaza nionje. "Babu, togwa."

Nikaificha kata mgongoni. Ndiyo, mimi. Nilisimama kama askari wa mpakani, nikasema hiyo ndiyo inayokuua, sikupi.

Hakunibembeleza. Alitambaa. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye mtumbwi, akaingiza kiganja ndani, akachota togwa na nyasi zake. Nikamshika kifundo cha mkono. Mjukuu wangu, aliyekuwa mwepesi kama jani kavu, akanivuta mimi na uzito wangu wote, huku ananiangalia.

"Imeshuka, babu. Niache ninywe."

Sijui kwa nini nilimwachia. Ningependa kusema nilielewa, lakini ningekuwa naongopa. Nilimwachia kwa sababu ya yale macho. Akanywa kiganja cha kwanza, cha pili, cha tano. Mke wangu akaja mbio, akaninyang'anya kata, akamshikia anywe vizuri. Tulikaa chini kwenye maganda tukisubiri, na mimi nilikuwa nasubiri afe.

Jasho likakauka. Mikono ikatulia. Akatema unyasi, akasema, "Babu, leo hukunawa miguu. Ina mchanga."

Mke wangu alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Kisha akaenda jikoni akaleta ndizi zile ambazo hazijaiva, na mtoto akazila hivyohivyo, ngumu.

Siku ile sikukanyaga tena, kaka yangu alimalizia, na watu wa harusi walisema togwa haikuwa kama yangu. Nilikaa na jambo moja: niliyemwogopa ni mtu wa shule asiyejua, kumbe asiyejua alikuwa amesimama hapa na kata mgongoni.

Kesho yake nikamwambia anifundishe. Hakunionea huruma. Kila nilipokaa kunywa chai aliniuliza: anatetemeka, anatoka jasho, anaropoka? Imeshuka, mpe kitu kitamu, kisha chakula. Ana kiu, anakojoa sana, amechoka? Huenda imepanda, apime, ajidunge alivyoelekezwa, na akizidiwa aende hospitali haraka. Na akishazimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize. Nikikosea anaanza upya. "Darasa la pili," ananitania, "leo hutoki mapumziko." Wiki mbili. Hata sasa mniamshe usingizini nitawasomea.

Kisha tukaenda Kihanga, mimi nimevaa koti la kanisani, yeye amebeba begi na chungu chake cha dawa. Mikononi nilikuwa na chupa ya togwa niliyoikamua asubuhi hiyo, na miguu nilinawa mara tatu. Mkuu wa shule aliniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, tukaketi. Matroni naye akaja. Nikaeleza. Mzee wa darasa la pili nimewafundisha walimu, na sauti haikunitetemeka ila mwanzoni.

Matroni akauliza, "Sasa mzee, ugonjwa ni wa sukari, halafu mimi nimpe tena sukari?"

Lile swali lilinifurahisha, maana lilikuwa langu.

"Ikishuka, mpe," nikasema. "Mimi nilimnyima. Usinifuate mimi." Nikaweka chupa mezani. "Akianza kutetemeka, mpe hii."

Binti akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Babu, hii keshokutwa itakuwa pombe. Nitafukuzwa shule kabla ugonjwa haujaniua."

Mkuu wa shule alijifanya anakohoa. Miaka yote ninakamua ndizi, na nilisahau kwamba togwa haingoji mtu.

Binti akafungua begi akatoa fundo la kitambaa, akalifungua mbele ya matroni. Sukari nyeupe, vikombe viwili hivi. Kitambaa nilikijua, ni pindo la kanga ya mke wangu. Na sukari ile haikununuliwa jana, ilikuwa imeanza kushikana mabonge, tena ina harufu ya kahawa kavu, maana ilifichwa kwenye gunia la kahawa. Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile chai chungu nilikuwa nainywa peke yangu.

Matroni akalichukua fundo, akalitia mfukoni mwa gauni lake, akagonga mfuko mara mbili. Wakaondoka wawili kuelekea bweni, chungu kimebebwa katikati yao. Binti hakugeuka, na mimi sikumwita.

Nikarudi barabarani na chupa yangu. Nilipofika mahali penye kivuli nikaifungua nikanywa yote, kwa sababu haingefika kesho. Haikuwa na mchanga.