Mwenyekiti na Kura za Athene

Simu ya hospitali ilituambia alfajiri kwamba kaka yangu amefariki. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa sebuleni kwetu Thamesmead, huku ughaibuni, anafuta miwani kwa ncha ya tai. Hufuta miwani kila anapotaka kutaja Athene. Awe harusini, futarini au kwenye ugomvi wa viti vya kukodi, hunyanyua kidole cha shahada, ambacho sisi wengine tumemwekea Mungu, akatusomesha jinsi raia wa Athene walivyokusanyika kilimani na kuamua kila jambo kwa kunyoosha mikono. Warumi huwagusa kidogo tu, kwa sababu maseneta wao hawakumwuliza kila mtu. Siku ile alitaka kura: maiti azikwe kesho, au asubiri Jumapili, wanachama wasipokuwa kazini. Mama, aliyekaa na wanawake karibu na jiko, alisema mwanawe azikwe kesho.

"Mama, kwa utaratibu wa Athene," mwenyekiti alijibu kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "wanawake hawakuwa na kura."

"Na maiti wao, baba, waliwasubirisha Jumapili?"

Shangazi alicheka ndani ya mtandio huku analia. Mwenyekiti akafuta miwani, akaomba mikono inyooshwe. Mjomba hakunyoosha mkono. Alivaa viatu akaenda kwa imamu, na wanaume wote wakamfuata.

Kesho yake tulifunuliwa uso wa kaka msikitini, tukamuaga. Akaswaliwa baada ya adhuhuri, wanaume wakampeleka makaburini, wakamzika.