Msusi anayejifunza filamu, na baba asiyezima redio

"Baba, zima redio!"

Ni saa tatu asubuhi na hii si mara ya kwanza msusi huyu kuomba. Amepiga goti moja sakafuni kwenye kibanda cha baba yake, fundi viatu, simu mkononi, kiwiko amekiegemeza gotini ili picha isitikisike. Mzee anapunguza sauti kidogo, kisha anarudi kumsikiliza mtangazaji wa mpira.

"Nimesema zima, sijasema punguza. Jamani, huyu mzee ataniua!"

Hata mwandishi wa makala haya, aliyekuja kutazama tu, mikono inamwasha kuinyakua ile redio.

Mchana binti huyu husuka nywele. Jioni, kwa miezi miwili sasa, huenda kwenye ukumbi wa mtaa kujifunza misingi ya filamu: kushika kamera, kunasa sauti, kuhariri. Zoezi la mwisho ni filamu ya dakika tatu ya mtu akiwa kazini.

Hakuumiza kichwa kuchagua. Macho ya baba yake yanafifia, daktari amesema hayatarudi, na kesho mzee anafunga kibanda. Asipompata leo, hampati tena.

Tatizo ni redio. "Ukikata picha, na redio nayo inakatika," anaeleza, akifuta jasho. "Nilijaribu kuunganisha vipande, ikawa redio ina kwikwi!"

Juzi mzee alikuja amevaa koti la harusi.

"Nani anashona soli na koti la harusi, baba?"

"Si umesema napigwa picha?"

"Ni video!"

"Video ndiyo nivae ovyo?"

Jana alikubali kuzima redio. Akaganda, nyundo hewani, macho kwenye simu.

"Fanya kazi, baba."

"Nangoja upige."

Binti akamletea spika za masikioni. Mzee akasahau kuwa amezivaa, akaanza kumfokea mchezaji: "Mpe huyo! Mpe, wewe!" Wapita njia wakasimama kuuliza nani anagombana humo ndani.

"Mwalimu anasema sauti ni nusu ya filamu," anasema binti. "Basi nusu yangu ni ya mtangazaji."

Leo uvumilivu umemwishia. "Haya, iache! Napiga moja kwa moja, sikati kitu." Anabonyeza, ananyamaza.

Na mzee anafanya kazi. Anapaka gundi, anagonga, anageuza kiatu pajani, anamzomea mwamuzi, wala simu haikumbuki tena. Kisha inafika zamu ya sindano. Anaipeleka kwenye soli, inakosa tundu. Anarudia, inakosa. Anapapasa kwa kidole gumba.

"Njoo ushike huku," anasema. "Sindano ikitokea upande wako, vuta."

"Lakini napiga, baba."

"Na mimi nashona. Njoo."

Binti anaitazama simu, anamtazama baba yake, anashusha pumzi. Anaiegemeza simu kwenye kopo la gundi, anakwenda kuchuchumaa mbele yake. Mgongo wake unaziba nusu ya picha. Wanashona hadi soli inakamilika, dakika kumi na moja zote, redio ikipiga kelele.

Jioni mwalimu wake, kijana mpole, anaitazama yote. "Mzee ni mzuri sana," anasema. "Lakini pale wanaposhona, mwanafunzi wangu ameiziba picha yake mwenyewe. Na urefu umezidi. Akate pale, atafaulu vizuri tu."

Kufaulu anakutaka. Anataka kuingia hatua ya pili, ashike kamera kubwa, awapige mafundi wengine wa mtaani kabla nao hawajafunga. Atapunguza mwanzo, atapunguza gundi na nyundo, hata mpira wake mzee ataukatakata, kwikwi na iwe kwikwi.

Lakini pale? Anacheka kwa hasira, macho yamelowa.

"Thubutu! Pale ndipo ananiambia, 'Vuta mwanangu, usiogope, mimi nimeshika.' Nikate hapo, nibaki na nini?"