Nyekundu Niliyoigeuza Kijani

Leo nimemdanganya mama yangu mbele ya ukumbi mzima.

Tulikuwa tunafunga mafunzo ya kuiga matetemeko ya ardhi kwa kompyuta, hapa mjini Masoko. Ramani yangu ilionyesha ufa chini ya bahari yetu hii uliokaa kimya muda mrefu huku nguvu zikijikusanya. Nikaupaka nyekundu.

Msimamizi akaja. "Binti, mgeni rasmi atashtuka. Weka kijani."

Nikabisha. Akasema basi cheti nisahau.

Nikaweka kijani, jamani.

Ramani ikaonyeshwa ukumbini, mgeni rasmi akapiga makofi. Mama, aliyevuka kutoka Kisiwani kuja kuniona, akanikumbatia. "Alhamdulillahi mwanangu, kumbe kwetu salama."

Yule msimamizi nina hasira naye hadi sasa. Ila mkono uliobonyeza ni wangu.

Mama anarudi Kisiwani kesho asubuhi. Niambieni, naanzaje kumwambia?