Mama Pampu na picha anayoipita kila asubuhi

Saa moja kasorobo asubuhi anapiga magoti mbele ya pampu, anawasha tochi na kuisogeza kwenye kioo cha duara kilicho ubavuni mwa mashine. Kioo chenyewe ni kidogo, kama kifuniko cha soda. Nyuma yake kuna mafuta.

"Asali," anasema, wala hamwambii mtu.

Kisha anachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari na kuandika neno hilohilo, pamoja na tarehe na saa.

Hapa ni kiwanda kidogo cha chanjo za kuku, na mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane ndiye mtunzaji wa pampu ya kunyonya hewa. Wenzake wanamwita Mama Pampu. Ameishi na mashine hii miaka kumi na tisa, mingi kuliko aliyoishi na marehemu mumewe, na hilo hulisema mwenyewe huku akicheka.

Daftari lake lina maneno matatu tu, yote aliyabuni yeye. Asali ni mafuta safi. Chai ni mafuta yaliyoanza kuchoka, yabadilishwe wiki hiyohiyo. Maziwa ni mafuta yaliyoingiwa na maji, na hapo kila kitu husimamishwa.

"Watu wanadhani mafuta ni ya kulainisha tu," anasema, akiipangusa mashine kwa kitambaa. "Haya ndiyo yanayoziba. Ndani kuna mabapa yanazunguka, yanasukuma hewa nje. Kati ya bapa na ukuta pana upenyo, hata unywele haupiti. Mafuta yanakaa hapo. Yakiharibika, hewa inarudi ilikotoka, wewe unabaki na kelele."

Kelele hiyo ina kazi yake. Chanjo hugandishwa ndani ya vichupa, vichupa hupangwa kwenye kabati la chuma lenye mlango mzito, na pampu hunyonya hewa kwa saa thelathini. Barafu hutoweka bila kupitia kuwa maji. Mwishoni kila kichupa hubaki na kidonge cheupe, mfano wa kipande cha chaki. Hewa ikirudi kabla ya wakati, barafu inayeyuka na chanjo inakuwa uji usiofaa hata kumwagia maua.

Mwandishi wa makala haya alitumwa kuandika habari nyepesi: mfanyakazi hodari, mashine kongwe, mapenzi ya kazi. Hata picha ilikuwa tayari. Imetundikwa ndani ya fremu kwenye ukumbi wa kuingilia: Mama Pampu miaka sita iliyopita, koti jeupe jipya, mkono mmoja juu ya pampu kama mtu anayemshika mwanawe kichwani.

Alipoambiwa kwamba hiyo ndiyo itakayotoka gazetini, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hiyo isitoke," alisema. "Ikitoka, shemeji yangu ataiona."

Shemeji huyo ni mume wa mdogo wake wa kike. Ni fundi rangi, na mafundi rangi hutandaza magazeti sakafuni kabla ya kufungua kopo. Ni watu wanaosoma habari wakiwa wamechuchumaa, wiki mbili baada ya kila mtu kuzisahau.

"Akiiona kuna ubaya gani?"

"Anajua kuisoma."

Aliinuka, akatembea hadi ukumbini na kuweka kidole kwenye kioo cha fremu, karibu na dole gumba lake la miaka sita iliyopita. Hapo pana kifundo cha kuzungushwa, chenye alama nyekundu. Alama ikitazama juu, valvu ya kupumulia iko wazi. Ikitazama pembeni, imefungwa.

Katika picha inatazama pembeni.

Asiyeijua kazi hii haoni kitu. Ndiyo maana picha imekaa ukutani miaka sita, mabosi wawili wameipita, wakaguzi wameipita, na kila asubuhi Mama Pampu anaipita akiwa ameinamisha macho. Wenzake wanasema ni unyenyekevu.

Valvu hiyo huiruhusu pampu kuingiza hewa kidogo, ili mvuke unaotoka kwenye vichupa usukumwe nje badala ya kugeuka maji ndani ya mafuta. Ila ikiwa wazi, pampu inakoroma, na kwenye bomba la kutolea hewa unatoka ukungu wa mafuta wenye harufu inayong'ang'ania nguo.

Siku ile kulikuwa na wageni wakubwa. Vichupa elfu tatu na mia sita vilikuwa vimeingizwa kabatini asubuhi, na vimekwisha kuanza kukauka.

"Nilikuwa na koti jipya," anasema. "Mkuu alisema wageni watapita saa nane, na mpiga picha yupo. Nikaona aibu na ule moshi. Wageni waje wazibe pua kwenye chumba changu? Nikaifunga. Dakika kumi tu, nilijiambia. Basi wakaja, wakanisifia, nikapigwa picha. Baadaye tukaitwa kwenye soda na hotuba. Nikaenda nyumbani nikiwa nimejaa sifa, nimeisahau."

Kesho yake alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Akawasha tochi.

"Maziwa," anasema. "Meupe, mazito."

Mshale wa geji ulionyesha kuwa hewa imerudi kabatini. Alichungulia kupitia kidirisha cha mlango, akaona uji kwenye vichupa vyote. Kila kichupa kilikuwa cha kuku mia mbili. Wafugaji waliokuwa wakiisubiri chanjo hiyo walikuja kungoja wiki saba nyingine, na katika wiki hizo wako walioamka na kukuta banda zima limelala.

Alichofanya baada ya hapo anakieleza taratibu, akitazama sakafu. Aliyatoa mafuta yakiwa bado moto, lita mbili, akayatia kwenye dumu na kulisukuma chini ya sinki. Akamimina mapya. Akairudisha valvu mahali pake, akaiwasha pampu, ikanyonya vizuri. Akashika kalamu.

Ukurasa wa siku hiyo bado upo. Umeandikwa asali, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa kurasa zote za jirani.

Shemeji yake alifika saa moja na nusu. Ndiye aliyekuwa akipanga vichupa na kuufunga mlango wa kabati, kazi aliyotafutiwa na Mama Pampu mwenyewe miezi minane kabla. Alipouona uji alishtuka, akaufungua mlango haraka kuangalia. Mkuu alipoingia, mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua ulikuwa umefungwaje. Pampu ilipimwa, ikaonekana nzima. Mafuta yakatazamwa, yalikuwa asali. Ukabaki mlango.

"Mkuu akamuuliza, jana uliukaza? Akasema niliukaza. Akamuuliza tena, akasema niliukaza, bosi. Akamuuliza mara ya tatu. Akasema, nadhani niliukaza."

Mama Pampu anakikunja kitambaa chake.

"Ile nadhani ndiyo iliyomwondoa. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, kama wewe ulivyo hapo. Sikumtaja kwa ubaya. Sikusema chochote. Kimya kilitosha."

Hapo mtu angeweza kudhani kwamba aibu imefika mwisho wake. Haikufika. Jioni ya siku ya tatu, shemeji alikwenda nyumbani kwa Mama Pampu, amevaa shati la heshima, akiwa na baba yake mdogo wa kumsemea. Alikuja kuomba radhi.

"Alisema, dada, ulinishika mkono ukaniingiza kazini, nami nimekupaka matope mbele ya wakubwa zako. Baba yake mdogo naye akasema, mama, kijana amekosa, tunaomba umlee. Wameinamisha vichwa wote wawili kwenye sebule yangu." Anajifuta uso kwa kitambaa kilekile cha mafuta, kinamwachia doa shavuni. "Nikawaambia yameisha. Mimi. Nilimsamehe."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema afanyeje yule aliyeuficha wake kwa kumvua mwenzake.

Mtaani shemeji alipewa jina la Kitasa. Mzaha ulianzia kiwandani ukamfuata hadi nyumbani, na yeye akaupokea kwa kucheka kama watu wapole wanavyofanya. Akitoka hurudi kuushika mlango. Akifika barabarani hurudi tena. Mkewe huwaambia wageni kuwa mume wake huaga mara mbili, na familia nzima hucheka, Mama Pampu akiwamo.

"Ningekwambia kwamba nilimwonea huruma kila siku, ningekuwa naongopa," anasema. "Siku nyingi nilimwonea hasira. Kwa sababu ya heshima yake. Kila sikukuu ananiletea matunda, ananiita dada mkubwa. Nikimwona anakuja nilitamani kutokea mlango wa nyuma."

Na kwa nini aseme sasa? Hataki kujipamba. Dhamiri, anasema, ilikuwa imekwisha kuzoea. Kilichomtoa jasho ni lile gazeti sakafuni. Aliomba siku tano kabla ya makala kutoka, na akaomba mwandishi amsindikize, "nisije nikapunguza maneno njiani."

Jumapili saa nne asubuhi alikwenda, picha akiwa ameiomba ofisini na kuifunga kwa taulo. Nyumba ni vyumba viwili, kuta zake zina rangi tatu tofauti, mabaki ya makopo ya kazi za watu. Mdogo wake alimpokea kwa furaha, akamlaumu kwa kutotoa taarifa, akaenda kuteleka maji ya chai. Shemeji alitoka amevaa kaptula yenye madoa ya rangi, akamvutia dada kiti kizuri.

Mama Pampu hakuketi. Alilifungua taulo, akampa picha.

"Itazame, shemeji."

Aliitazama akitabasamu. "Siku ya wageni hii. Umependeza kweli."

"Tazama valvu."

Alisogea mlangoni penye mwanga. Ilichukua muda, kwa sababu hakuwa amegusa mashine ile miaka sita. Kisha tabasamu likaondoka, taratibu.

"Imefungwa," alisema.

"Niliifunga mimi. Nikaisahau. Asubuhi nilikuta maziwa, nikabadilisha mafuta kabla hujafika. Nikaandika asali."

Mkewe alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Shemeji hakumtazama mtu. Aliirudia picha, akaupitisha ukucha juu ya ile alama nyekundu kama anayejaribu kuikwangua.

"Kwa hiyo mlango niliukaza," alisema.

"Uliukaza."

"Niliukaza." Aliketi kwenye kile kiti kizuri. "Miaka sita nautafuta mkono wangu, dada. Nikilala nauona mlango, nauona mpini, lakini mkono wangu siuoni. Nikasema basi, mimi ni mtu wa kusahau. Hata kazi ya pale bandari kavu niliitwa, nikakataa. Kuna makufuli. Nikasema nitaua watu."

Mdogo wake Mama Pampu aliweka sufuria chini, akaingia chumbani, akafunga. Hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka, na mpaka makala haya yanaandikwa hajapokea simu ya dada yake.

Mama Pampu alipiga magoti, kama anavyopiga mbele ya pampu, akaomba radhi. Shemeji alimwambia ainuke, kwa adabu ileile ya siku zote, na hilo ndilo lililomliza.

"Siku ile nilikuja kwako, ukaniambia yameisha," alisema shemeji. "Mimi leo sitakwambia yameisha. Sijui yataisha lini. Lakini nenda kwa mkuu, umwambie. Na mwandishi aandike."

Mwandishi alimuuliza kama angependa picha itoke. Alifikiri, akasema itoke, ila isikatwe pale kwenye valvu.

Jumatatu, Mama Pampu alimkabidhi mkuu wa kiwanda barua ya kurasa mbili pamoja na daftari la mwaka ule. Amebakiwa na miaka miwili kustaafu. Mkuu amesema atajibiwa baada ya kikao, na mpaka hapo aendelee na kazi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua pampu. Ukutani pamebaki msumari na mstatili mweupe wa mahali ilipokuwa fremu. Anaupita akiwa ameinua uso, ingawa anasema bado shingo inauma.

Ana ombi moja tu kwenye barua ile: kwamba shemeji aitwe, aambiwe ukweli mbele ya wafanyakazi wote, pale pale walipomwita Kitasa. Kazi kama ipo arudishiwe, kama haipo basi angalau asikie.

"Nikifukuzwa, nimefukuzwa," anasema. "Mafuta machafu hayasafishwi, yanamwagwa."

Lakini tumaini lake halimo kwenye barua. Analisema akiwa amepiga magoti tena, tochi mkononi, valvu wazi, ukungu wa mafuta ukimpanda kwenye nywele.

Jumapili ile, pamoja na yote, shemeji alimsindikiza hadi barabarani, kwa sababu hajui kumwacha mgeni aende peke yake. Aliuvuta mlango nyuma yake. Walitembea kama hatua kumi. Kisha akasimama, akajitahidi kutogeuka, akageuka. Alirudi, akakishika kitasa, akakitikisa.

"Sikumtegemea aache siku hiyohiyo," anasema Mama Pampu. "Nimempa miaka sita ya kurudi. Ila siku moja natamani nimwone, hata kwa mbali, hata kama hataki kunisalimia. Atoke, aufunge mlango wake, aende zake."