Kinyozi Aliyevuka Mpaka na Vioo Viwili

Nikutegee wewe unayesoma, kabla hujafunua ukurasa mwingine. Nina shamba lisilopandwa mbegu. Nalifyeka leo likabaki tupu, mvua inyeshe isinyeshe, baada ya wiki mbili limeota tena. Ni nini? Ukishindwa nipe mji, niutawale huku nakusimulia.

Saa mbili asubuhi, kwenye varanda ya nyumba ya kulelea yatima, mwanamke wa makamo anakung'uta shuka lenye mistari na kulifunga shingoni mwa mvulana wa miaka kumi hivi. Anaifuta mashine ya kunyolea kwa spiriti, anapuliza meno yake, kisha anainama kwa adabu.

"Haya bosi, nikunyoe vipi?"

Mvulana anageuka nyuma, amtafute huyo bosi.

"Ni wewe bwana. Aliyekaa kwenye kiti ni nani?"

"Ninyoe kama mchungaji wenu."

"Mchungaji wetu ana nywele? Si kipara kile!"

"Kwani mimi nimesema nataka nywele?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Basi shamba langu umeshaliona: ni kichwa cha mtu.

Mama Kinyozi, kama anavyoitwa hapa na kwao pia, amevuka mpaka kwa basi pamoja na watu wa kanisa lake waliokuja kuhudumu kwa wiki tatu. Yupo daktari, wapo walimu, wapo mafundi wa rangi. Lugha ni ile ile, ila lafudhi yao inawachekesha watoto. Jina lake liliposomwa kanisani, mzee mmoja alisimama akauliza: huyu kinyozi anakwenda kufanya nini?

"Hata mimi nilijiuliza," anasema Mama Kinyozi. "Kuhubiri sijui. Na Mchungaji anatuambia Mungu anajua idadi ya nywele za kila mtu. Sasa mimi si ndiye ninayemvurugia hesabu?"

Kazi hii aliachiwa na marehemu mumewe: kiti kimoja, mashine moja, kibanda kando ya kituo cha mafuta. Mwanzoni wateja walimkimbia. Mwanaume gani atamwinamia mwanamke aliyeshika wembe? Walirudi mmoja mmoja, maana mkono wake haukwaruzi. Kichwa kimoja kinampa bei ya mkate, na Jumamosi njema vinafika ishirini. Kwa wiki hizi kibanda kimefungwa, na nyumbani wanakula jasho la mwanawe wa kwanza, mpakiaji wa mizigo.

"Aliniambia, mama nenda, ila usinirudie na wadogo zangu wengine."

Nyumba hii ina watoto arobaini na watatu, na mapunye yamewasumbua kwa muda mrefu. Mlezi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa akiwanyoa wote kipara, wasichana kwa wavulana, kwa wembe, mbio mbio kama anayemenya viazi.

"Mapunye hayamuulizi mtu anataka mtindo gani," anajitetea. "Watoto wote hawa, nimuulize kila mmoja?"

Kumbe inawezekana. Daktari anapaka dawa, na Mama Kinyozi anauliza. Wenye vidonda wanakubali kipara. Waliopona wanajichagulia: huyu denge, yule kiduku, msichana mmoja ametaka mstari pembeni kama barabara ya lami. Kisha kinakuja kile wanachokipigania kuliko pipi. Mtoto anapewa kioo ashike mbele, naye Mama Kinyozi anashika kingine nyuma.

"Hiki ndicho kisogo chako, bosi. Salimianeni."

Wengi hawajawahi kujiona kwa nyuma. Wanazungusha shingo polepole.

Ni mmoja tu ambaye hajakikalia kile kiti. Wanamwita Kofia, kwa ajili ya kofia ya sufu anayoivuta mpaka kwenye nyusi, jua liwe kali namna gani. Ni msichana wa kama miaka minane. Alifika hivi karibuni na kaka yake wakiwa wameshikana mikono, wakatenganishwa pale getini, maana kaka mtu alikuwa mkubwa, akapelekwa kwenye nyumba ya vijana katika mji mwingine. Aliahidi atakuja kumchukua.

Chini ya kofia kuna mapunye, na dawa haipiti kwenye nywele. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mwenye mapunye yasiyotibiwa hapokelewi.

"Akizidi kukataa tutamshika," anasema mlezi. "Watu wazima watatu, kazi imekwisha."

"Dada yangu, kichwa cha kushikwa mimi sinyoi."

"Basi nitanyoa mimi. Wewe si unaondoka Jumamosi?"

Kila siku Kofia anakuja kukaa kwenye ngazi, karibu na kiti, akitazama nywele zinavyodondoka. Kila siku anaulizwa: "Nawe bosi, nikunyoe vipi?" Kila siku anaishika kofia kwa mikono miwili.

Alhamisi akauliza la kwake.

"Wote wakishakuwa kipara, unamjuaje huyu ni nani na yule ni nani?"

"Kwa vichwa vyao, mama. Uso unabadilika, unakua, unanenepa. Kichwa ni kile kile. Yule ana kisogo bapa kama sahani. Yule pale alianguka mtini, ana kovu kama mwezi mchanga. Hata aje kwangu na masharubu, nitamjua."

"Kovu haliondoki?"

"Litaondoka liende wapi? Liko na mwenyewe."

Kofia akainuka, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi basi la kanisa linanguruma getini. Mama Kinyozi anafunga mizigo, lakini mashine haiingii kwenye mfuko. Inabaki hapa; kibandani kwake atanyoa kwa wembe hadi anunue nyingine. Kwa wiki nzima amekuwa akimfundisha mlezi kuitumia, na kichwa cha kujifunzia kilikuwa chake mwenyewe. Mstari umepinda kuanzia sikio hadi sikio.

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," anasema akijipapasa. "Sasa nimejua bora nisingepata wa kuninyoa."

"Ulitikisika wewe!" anafoka mlezi, akicheka.

Mwakani, Mungu akipenda, Mama Kinyozi anataka kurudi na kiti cha pili, na awafundishe wasichana wakubwa kazi, wawe na cha kushika siku watakapotoka hapa. Amekusudia pia kumpelekea jibu yule mzee aliyeuliza kinyozi anakwenda kufanya nini, ila bado hajalipata vizuri mdomoni.

Honi inalia. Mlezi anaichukua mashine na kuwaita wapishi wawili waje wasaidie kumshika mtoto.

Hawakuhitajika. Kofia amekwishapanda kwenye kiti, miguu inaning'inia. Anaivua kofia kwa mkono wake mwenyewe, anaiweka mapajani.

"Dereva, ningoje!" Mama Kinyozi anaita. Anaichukua mashine mikononi mwa mlezi, anakung'uta shuka, anainama.

"Haya bosi. Nikunyoe vipi?"

Kofia anapeleka kidole nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, kinatafuta mahali, kinatulia.

"Hapa nina kovu. Kaka analijua. Ninyoe lionekane."