Timu ya Akiba na Mitungi ya Newala

Ukimuuliza Fundi Cuthbert kazi yake, hakukwambia ni seremala, ingawa madawati ya shule ya misheni pale Masasi yalitoka mikononi mwake. Alikwambia ni mwalimu wa mpira. Hapo waliomjua walikohoa kidogo, kwa kuwa Masasi ilikuwa na mwalimu wa mpira mmoja tu, Mwalimu Reginald, mwenye filimbi shingoni na soksi ndefu zilizopigwa pasi. Cuthbert alikuwa mwalimu wa timu ya akiba. Yaani aliwafundisha wale ambao hawachezi.

Na kuwafundisha aliwafundisha hasa. Walimjia wakipiga mpira kwa ncha ya kidole gumba, macho chini, wakitazama miguu yao kana kwamba wameiazima. Baada ya mwaka walikuwa wachezaji. Siku hiyo hiyo Mwalimu Reginald aliwaona, akapiga filimbi, akawachukua. Cuthbert akabaki na wengine wa kutazama miguu. Ndiyo kazi ya kuku aliyeatamia mayai ya bata. Aliifanya miaka saba, na katika miaka hiyo timu yake haikucheza hata mechi moja mbele ya watu. Ilibeba mizigo, ilijaza mpira upepo, ilipiga makofi.

Aliyemtia kichwa kikubwa ni Mwaustralia mmoja. Wakati ule Waingereza walipojitia kulima karanga kwa matrekta kule Nachingwea, fundi mmoja wa matrekta alikuja Masasi kutengenezewa sanduku, akakuta akiba wakifanya mazoezi, akakaa kutazama mpaka jua likazama. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alimweleza Cuthbert kwamba kwao wana mpira wao wenyewe, mrefu kama papai, unaodakwa kwa mikono. Huko timu ya akiba ina mwalimu wake wa heshima, na siku ya mechi hucheza kwanza, uwanja ule ule, watu wale wale wakitazama.

"Mwalimu wa kubwa anatumia watu," alisema Mzungu yule. "Mwalimu wa akiba anatengeneza watu."

Karanga hazikuota, Mwaustralia akarudi kwao, ila papai lake la ngozi alimwachia Cuthbert. Likawa chombo cha mazoezi. Lilidunda kokote lilikotaka lenyewe, na aliyelizoea, mpira wa kawaida aliuona mpole. Fikirini, golikipa wa akiba, alilidaka juu kwa juu kama anachuma embe.

Lakini dawa kubwa ya Cuthbert ilikuwa mtungi. Kila jioni akiba walijitwika mitungi ya maji kutoka kijitoni, jani likielea juu ya maji ili yasirukeruke, wakapanda kilima mbio za polepole. Anayebeba mtungi hawezi kutazama miguu yake. Shingo inasimama, macho yanatazama mbele, magoti yanapata nguvu, na mpira ukija mguuni mtu anaujua bila kuuangalia. Hilo ndilo lilikuwa somo lote. Masasi nzima ilicheka. Wanaume kujitwika maji! Wakawaita Mabibi Harusi wa Fundi, na Cyril, nahodha wa timu ya kwanza, alizoea kuwapigia vigelegele wakipita.

Cuthbert hakumwambia mtu alikoipata dawa hiyo. Alizaliwa Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu, ambako zamani zile maji hayakuwa mlangoni bali chini kabisa bondeni, na wanawake waliondoka majogoo kwenda kuyachota. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Bibi Dominika, alikuwa na nyonga mbovu na mtoto huyo mmoja. Basi Cuthbert alibeba maji. Alibeba kabla ya jando, hapo hapakuwa na neno. Aliendelea kubeba baada ya jando, hapo yakawa maneno, na si machache. Alipopata nafasi ya kujifunza useremala Masasi aliondoka akiwa na aibu shingoni nzito kuliko mtungi.

Mama yake hakuielewa hata chembe kazi ya kufundisha mpira. Kila Cuthbert alipokwenda kumsalimu, aliulizwa swali lile lile.

"Unawafundisha watu kukimbia?"

"Ndiyo, mama. Na mengine."

"Mbuzi nani aliwafundisha?"

Mwaka huo, hamsini na nne, Newala iliialika Masasi kwa mechi siku ya Jumamosi. Cuthbert akamwandikia mama yake: njoo uwanjani, utaiona timu yangu. Kisha, barua ikiwa imekwisha ondoka, ndipo akaenda kumwomba Mwalimu Reginald akiba wacheze japo nusu saa kabla ya mechi. Yaani alijenga paa kwanza, akaenda kutafuta nguzo.

"Fundi," Reginald alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "tunakwenda kwa watu. Tutawaonyesha watu akiba? Waje wabebe mizigo."

Cuthbert akaenda kufunga mizigo. Lakini moyoni aliumia sana. Mama yake alikuwa mzee, mtoto wa jicho ameshamfunika jicho moja na la pili analinyemelea, na mwaka ujao huenda asingeona kitu. Alitaka jambo moja tu katika safari ile: mama yake aone hata mara moja kwamba mwanawe hakuacha nyumbani ili kufundisha mbuzi.

Lori lilifika Newala saa mbili asubuhi, watu wote wamekuwa wekundu kwa vumbi, nywele mpaka kope. Cuthbert aliruka, akaenda moja kwa moja kumwamkia mama yake. Hilo lilikuwa sahihi. Alisahau kuwaonya wenzake, na hilo ndilo halikuwa sahihi.

Kivulini nyuma ya uwanja palikuwa na mitungi kumi na miwili imejaa maji. Wanawake wa Newala walikuwa wameyapandisha tangu juzi. Ni maji ya siku nzima: ya wageni kunywa, ya kupikia wageni ugali, ya wachezaji wa pande zote mbili, na ya mtoto yeyote atakayelia kiu. Desturi ni mgeni kukaa, kupokewa kwa kata moja ya maji, kunywa, kushukuru. Akiba walikuwa bado wanashusha mizigo. Timu ya kwanza, watu wa Masasi ambao kwao kijito hupita nyuma ya nyumba, waliiona mitungi wakasema, jamani, hawa wana adabu, wametuwekea maji ya kuoga!

Wakaoga. Walianza na nyuso, wakaja miguu, wakamaliza kwa kumwagiana migongoni wakicheka. Cyril alitia mguu mzima ndani ya mtungi, kiatu bado hajavua vizuri.

Mwanaisha, Mama Sijaona kama wote walivyomwita, mkubwa wa wale wanawake, ndiye aliyewakuta. Hakupiga kelele. Alisimama, akatazama mchanga uliolowa, akakaa chini palepale kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Hapo wote wakaacha kumwagiana, maji yakiwadondoka kidevuni.

Bwana Husseni, karani na kiongozi wa timu ya Newala, alikuja na maneno machache.

"Mpira hakuna. Mlichokuja kucheza mmeshacheza."

Mwalimu Reginald aliomba radhi kwa Kiswahili kizuri mno, chenye methali mbili. Haikusaidia. Kiu haisomi methali.

Cuthbert alirudi akiwa amemshika mama yake mkono, akakuta hali hiyo. Alipoiona mitungi mitupu aliona haya ambayo hakuwahi kuona hata siku za kuchekwa. Alijua kila kona ya njia ile. Alimwendea Mwanaisha, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mama Sijaona."

"Marahaba," alijibu bila kumtazama.

"Mimi ni mtoto wa Bibi Dominika. Kosa ni langu, mimi ndiye ninayejua desturi, nami sikuwaambia. Tupeni mitungi. Tutayarudisha maji yenu."

"Nani atayarudisha?"

"Sisi."

"Wanaume?" Sasa alimtazama.

Cyril, ambaye ukweli alikuwa anajuta, alitaka kuwa wa kwanza. Akajitwika mtungi mtupu, akapiga hatua nne, akaudaka tumboni kabla haujafika chini. Wanawake walicheka bila kutaka. Ndipo Mussa, nahodha wa akiba, mnyamavu, akakunja nguo yake duara akaweka kichwani, akajitwika mtungi wake, akaachia mikono, akashika njia ya bondeni. Nyuma yake Fikirini. Nyuma yake wengine, kumi na mmoja jumla, na Cuthbert wa kumi na mbili. Vicheko vikakatika.

Kushuka ni rahisi, mtu yeyote anaweza kushuka. Kupanda ndiko kunakompima mtu. Njia imesimama kama ngazi, mawe yanateleza, jua la saa sita halina huruma. Cuthbert alitembea wa mwisho ili amwone kila mmoja. Hakutoa amri hata moja. Alitazama shingo kumi na moja zilizosimama wima mbele yake, akaona kwamba hakuna hata mmoja anayetazama miguu yake, na alijawa na furaha hata akataka kuimba, ila pumzi haikutosha.

Walitokeza ukingoni saa nane. Bibi Dominika alikuwa ameketi penye kivuli, wanawake wamemwachia kazi yake ya uzee: kupokea mitungi na kupima kwa mkono kama imejaa. Alitia mkono katika mtungi mmoja baada ya mwingine, akapapasa, akasema, "Umejaa." Alisema hivyo mara kumi na mbili, na mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini Cuthbert alikuwa amelala chali hasikii kitu.

Mwanaisha akachota kata moja, akampa Mussa. Mussa akakaa, akanywa, akashukuru. Bwana Husseni akaitikia kwa kichwa.

"Basi mpira upo. Tutacheza saa kumi."

"Tunashukuru," alisema Mwalimu Reginald, akageuka kuwaita akina Cyril wavae viatu.

"La, Mwalimu. Tutacheza na hawa waliotuletea maji."

"Lakini hawa ni akiba!"

"Sisi hapa habari za akiba hatuzijui. Waliooga wakae kando, wameshatakata."

Uwanja mzima ulicheka, na mwishowe Mwalimu Reginald alicheka pia. Kisha alifanya jambo ambalo Cuthbert alimheshimu kwalo mpaka mwisho: alivua filimbi shingoni akamvalisha yeye.

Watu wa Newala walitazamia kuwachinja wageni kama kuku, maana watu waliotoka kupanda mlima ule watakuwa na miguu gani? Dakika kumi za kwanza walifunga bao, na wakaanza kuimba. Halafu nyimbo zikapungua. Akiba hawakukimbia sana, ila kila mmoja aliyepata mpira alikuwa na kichwa juu na ameshamwona mwenzake kabla hajaugusa. Mussa alisawazisha. Newala wakafunga la pili, Mussa akasawazisha tena, kwa mguu ambao Mwalimu Reginald alikuwa amesema mwaka jana kwamba hauna dawa. Mwishoni kabisa mpira mrefu ulipigwa golini, jua likiwa machoni, na Fikirini akauchuma juu ya vichwa vya watu wanne. Pembeni Cyril alipiga vigelegele, na safari hii hakuwa anamcheka mtu. Wakatoka mbili kwa mbili.

Cuthbert alikwenda kwa mama yake akitweta kama aliyecheza yeye. Watu walikuwa wakimpiga mabegani, na filimbi bado ilikuwa shingoni.

"Mama! Umewaona?"

"Kuona nini, mwanangu? Nimeona vumbi." Bibi Dominika alisema bila kusikitika. "Macho yamekwisha, hata uwanja siujui umeanzia wapi."

Uchovu wote wa bondeni ukamjia Cuthbert kwa mara moja. Akakaa chini. Amechelewa. Jambo lile moja alilolitaka, limempita mbele ya pua yake.

"Lakini mitungi nimeipapasa," mama yake akaendelea. "Kumi na miwili. Imejaa mpaka shingoni, haikumwagika. Na kila mtungi una jani juu yake. Watoto wa Masasi hawajui jani. Nani amewafundisha?"

"Mimi, mama."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Miaka saba."

"Ndiyo huo mpira unaofundisha?"

"Ndiyo huo. Ndiyo mwanzo wake. Bila huo hawawezi."

Mkono wa Bibi Dominika ulitafuta kichwa cha mwanawe, ukakipata, ukatulia utosini, pale pale mtungi unapokaa.

"Na wewe nani alikufundisha jani?"

Machozi yalimtoka Cuthbert hadharani mbele ya timu zote mbili.

"Kumbe na mimi," alisema Bibi Dominika, akiwageukia wanawake wenzake ili wasikie vizuri, "ni mwalimu wa mpira."